Mawe Kumi na Mawili

Hotuba ya ibada iliyosomwa redioni. Somo: Yoshua 4:1–7

Mimi nazungumza nanyi kutoka Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki ukitoka Malindi, na leo nataka tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo huenda hamkulitarajia katika kipindi cha ibada. Jambo lenyewe ni picha: zile picha za zamani za filamu, na hizi za siku hizi za simu na kamera za dijitali.

Lakini kwanza tulitazame somo letu. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya nne, twapata habari za wana wa Israeli walipovuka mto Yordani. Maji yalisimama, na watu wote wakapita pakavu. Ndipo Mungu akaagiza wachaguliwe watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, na kila mmoja aokote jiwe moja katikati ya mto, alibebe begani, akaliweke mahali watakapolala usiku ule. Sababu yake ilitolewa papo hapo: siku zijazo watoto watauliza maana ya mawe yale, na wazazi wapate la kuwajibu. Lishikeni neno hilo, maana tutalirudia.

Mwaka jana tulimzika mzee mmoja wa kanisa. Alikuwa mweka hazina kwa miaka mingi, mtu wa maneno machache, na hesabu zake hazikupungua hata shilingi moja. Alituacha ghafla, usiku mmoja tu. Asubuhi yake jamaa wakaanza kutayarisha mazishi, na kama mjuavyo, siku hizi hakuna mazishi bila karatasi ya utaratibu wa ibada, na juu ya karatasi hiyo hapana budi iwepo picha ya marehemu.

Watu wakasema, "Picha si shida. Mzee alikuwa na simu nzuri." Simu ikaletwa, ikawashwa, nayo ikadai namba ya siri. Wakajaribu mwaka wake wa kuzaliwa. Wakajaribu mwaka wa harusi yake. Wakajaribu tarakimu za mwisho za kitambulisho. Mwishowe simu yenyewe ikakataa kujaribiwa tena. Kitambulisho nacho kilikuwa kimechakaa mfukoni hata uso umefutika. Wakampigia kijana wake afanyaye kazi Doha, wakamwuliza kama anayo picha ya baba yake. Akatafuta, kisha akalia. Akasema, "Baba alinitumia picha za nyumba, za mbuzi, za wajukuu, za mnazi ulioanguka. Yeye mwenyewe hayumo. Yeye ndiye aliyekuwa akiishika simu."

Basi wakanijia mimi. "Kasisi, wewe huzikosi. Kila Jumapili unapiga picha kanisani."

Ndugu zangu, walisema kweli. Nilikuwa nazo. Nilikuwa naye mzee akihesabu sadaka na miwani yake imeteremka puani. Nilikuwa naye akipanda mwarobaini nyuma ya kanisa. Lakini miezi miwili kabla ya hapo simu yangu ilinionya kwamba imejaa, nami jioni moja nikaketi kibarazani, nikaisafisha. Nilifuta picha kwa mamia, kwa kidole gumba, huku nikinywa chai. Sikuzitazama hata nusu yake. Siku ile jamaa wa marehemu waliposimama mbele yangu, sikuwa na la kuwaambia. Niliinamisha kichwa.

Ndipo mjane akaingia ndani, akatoka na mkebe wa biskuti wenye kutu. Ndani yake mlikuwa na vyeti, stakabadhi za zamani, na bahasha moja ya kahawia. Katika bahasha hiyo mlikuwa na picha iliyopigwa mwaka 1985, marehemu alipokuwa kijana wa miaka 21. Karatasi ya picha ilikuwa imeliwa na wadudu na unyevu, nusu ya uso haikuonekana. Lakini pamoja nayo palikuwa na kipande kidogo cha filamu, ile negativu, kimefungwa katika karatasi laini. Kijana mmoja wa kwaya akakiweka juu ya kioo cheupe cha simu iliyowashwa, akakipiga picha kwa simu ya pili, kisha akaigeuza ile picha, cheusi kikawa cheupe na cheupe kikawa cheusi. Na tazama, kijana akatutazama, shati jeupe, kitana mfukoni, anajizuia kucheka.

Mjane aliishika ile simu kwa mikono miwili. Akasema, "Ndiye huyu. Huyu ndiye aliyekuja kwetu na baba yake kuniposa." Na wajukuu waliokuwa wamesongamana mlangoni wakauliza, "Bibi, huyu ni nani?"

Sikieni swali hilo. Ni swali lile lile la mtoni Yordani.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya aina hizi mbili za picha. Tuanze na ya zamani, maana wengi wenu vijana hamkuiona. Filamu ni ukanda uliopakwa utando mwembamba wenye chumvi za madini ya fedha. Kamera ikifunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, mwanga huigusa ile chumvi, na picha huwa imekwisha kuingia. Lakini huwezi kuiona. Ukitoa filamu wakati huo ukaitazama juani, umeiharibu yote. Yapasa ipelekwe gizani, itiwe katika dawa, na dawa hiyo huidhihirisha picha iliyokuwa imejificha. Kisha hutiwa dawa ya pili ya kuondoa chumvi zote ambazo hazikuguswa na mwanga, ili picha isije ikaharibika ikitoka nje. Ndipo hupatikana negativu, na kutoka katika negativu hiyo hufanywa picha za karatasi. Kazi hiyo yote sisi tuliiita kusafisha. Twasema, "Filamu imepelekwa kusafishwa," yaani imepelekwa ili picha zitokee.

Angalieni jinsi neno letu lilivyogeuka. Zamani kusafisha kulikuwa kuitoa picha gizani iwe na uhai. Leo kusafisha simu ni kuziua picha ili ipatikane nafasi. Neno ni lile lile, mkono ni ule ule, lakini kazi imepinduka.

Pwani yetu hii ina historia ndefu ya kazi ya picha. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio yake mwaka 1942, na Waswahili, Wahindi na watu wa bara wakaingia humo na nguo zao nzuri. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, fundi aliyejua kuunganisha picha mbili tatu zikawa moja. Na katika miaka ya 1990 wapiga picha walijenga vibanda vyao penye feri ya Likoni, wakavipamba kwa michoro ya rangi, na msafiri aliyengoja kuvuka alipata picha ya kupeleka kwao.

Watu wale wote walifanya kazi kwa kuhesabu. Mkanda mpana wa kamera za zamani ulitoa picha 12 za mraba. Mkanda mwembamba wa milimita 35 ulitoa picha 24 au 36, basi. Kila picha ilikuwa na gharama yake, kwa hiyo mtu hakupiga ovyo. Nilipokuwa mtoto, mpiga picha alikuja kijijini kwetu kwa baiskeli wakati wa Krismasi. Mama alituosha, akatupaka mafuta, akatupanga kwa kimo. Yule bwana akasema, "Msitikisike," akabofya mara moja, akaandika jina la baba katika daftari, akapanda baiskeli akaenda zake. Picha ilikuja mwezi wa Februari. Majuma yale yote tuliingoja, na ilipofika ilitiwa katika fremu, ikatundikwa ukutani, na hata leo iko.

Sasa tuitazame ya pili. Mwaka 1975 huko Marekani, mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali. Ilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, yenye nukta 10,000 tu, na kuiandika katika kaseti kulichukua sekunde 23. Leo simu ya kawaida yenye nukta milioni 12 inaipita kamera ile mara 1,200. Ndani yake hakuna filamu wala dawa. Mwanga huanguka juu ya kigae kidogo, kigae huupima na kuugeuza kuwa namba, na namba hizo huwekwa katika hifadhi ya simu. Picha ni orodha ndefu ya namba. Nayo kampuni ile ile ya Kodak, iliyoishi kwa kuuza filamu, ilishindwa na madeni ikaomba ulinzi wa mahakama Januari 2012, ingawa baadaye ilisimama tena, na filamu zake zinauzwa mpaka leo.

Je, niwaambie kwamba ya zamani ni bora na ya sasa ni mbaya? La, hasha. Mzee anayesifu kila cha zamani amesahau matatizo yake. Filamu ilikuwa ya wenye pesa. Mimi sina picha ya nyanya yangu, mama wa baba yangu, hata moja. Aliishi, akalima, akazaa watoto, akafa, wala kamera haikupita mlangoni pake. Uso wake ninao kichwani tu, na siku nitakapoondoka mimi, utaondoka nami. Lau kama simu hizi zingalikuwapo wakati wake, wanangu wangalimjua. Kadhalika joto na unyevu wa Pwani ni adui wa filamu. Kuvu huota juu ya ule utando, rangi hufifia, na picha ya harusi yageuka madoa. Tena filamu ni moja tu. Ikiungua, imekwisha. Lakini picha ya dijitali waweza kuinakili mara mia, na nakala ya mia ni sawasawa na ya kwanza. Mama aliye Mambrui humwona mjukuu aliyezaliwa Doha kabla kitovu hakijaanguka. Hiyo ni baraka, na tumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini kila baraka ina mlango wake wa hatari. Filamu hufa polepole, nawe waona ikifa. Picha ya dijitali hufa kwa dakika moja, ikiwa nzima kabisa. Simu ikianguka Sabaki, zimekwenda. Ikiibwa, zimekwenda. Mwenyewe akifa na namba yake ya siri, picha zipo na hazipo. Negativu haidai namba ya siri. Yadai mwanga tu, na jicho la mtu. Ndiyo maana kipande kile cha mwaka 1985 kiliweza kusema neno siku ya mazishi, na simu ya bei kubwa ikanyamaza.

Na si kwetu tu. Priya Ramrakha, mpiga picha mzaliwa wa Kenya aliyefanya kazi na magazeti makubwa ya ulimwengu, aliuawa kwa risasi huko Biafra mwaka 1968 akiwa kazini. Miongo kadhaa baadaye, hazina ya picha zake ilipatikana Nairobi, imehifadhiwa katika gereji. Watu wakazifungua, wakazitazama, na kazi ya mtu aliyekwisha kusahauliwa na wengi ikarudi mbele ya macho. Zilizikuta filamu hizo mikono iliyokuwa tayari kuzifungua. Je, simu tunazozitupa leo katika madroo, ni nani atakayezifungua baada ya miaka arobaini?

Sasa turudi mtoni. Mto Yordani ulikuwa na mawe mengi. Wana wa Israeli walikuwa watu wengi, nao maji yalikuwa yamesimama. Wangaliweza kubeba mawe elfu. Mungu aliagiza kumi na mawili. Kwa nini machache hivyo? Nadhani ni kwa sababu jiwe lililochaguliwa na kubebwa begani ni ukumbusho, na rundo la mawe elfu ni rundo la mawe. Mtoto akipita penye mawe kumi na mawili yaliyopangwa, atauliza. Akipita penye mawe elfu yaliyotapakaa, atajikwaa tu.

Hapo ndipo tulipo sisi na picha zetu. Zamani umaskini wa filamu ulitulazimisha kuchagua. Picha 12 katika mkanda, kama mawe yale. Sasa hakuna kinachotulazimisha. Tumebeba mto mzima mfukoni, na siku ya haja hatuoni jiwe hata moja. Mimi nilikuwa na picha za mzee yule, na kwa sababu zilikuwa nyingi, nikaziona takataka. Kosa halikuwa la simu. Simu ilinipa. Mimi sikuchagua, kwa hiyo sikutunza.

Na kuchagua ni kazi ya upendo, ndugu zangu. Maana huwezi kuchagua picha ya mtu bila kukaa kitako na kumtazama. Nilipofuta picha zile nikinywa chai, sikumtazama. Lau ningalimtazama, ningalisema, "Huyu mzee amekonda. Kesho nipite kwake." Nasema haya kwa huzuni, wala sijui kama ningaliokoa kitu. Lakini ningalipita.

Basi nawaomba mfanye mambo machache, wala si magumu. Kwanza, kila mwaka, labda juma lile la baada ya Krismasi, ketini jamaa yote pamoja, mchague picha kumi na mbili kati ya zote mlizo nazo. Kumi na mbili tu. Zipelekeni Malindi, au popote penye duka la kutoa picha, zichapwe katika karatasi. Nyuma ya kila moja andikeni kwa penseli jina la mtu, mahali, na mwaka. Picha isiyo na jina, baada ya vizazi viwili, ni picha ya mgeni.

Pili, ziwekeni pakavu, katika bahasha ya karatasi na ndani ya mkebe, mbali na sakafu na ukuta unaovuja. Nakala nyingine mpeni ndugu aliye mji mwingine, ili nyumba moja ikiungua au ikifurika, nyingine ibaki. Na ninyi mlio na negativu za zamani, msizitupe kwa kuwa hamna studio. Vijana wenu wanaweza kuzifufua kwa simu mbili, kama yule wa kwaya.

Tatu, mwambieni mtu mmoja mnayemwamini namba ya siri ya simu yenu. Mume amwambie mke, mke amwambie mume, mjane amwambie mwanawe. Najua jambo hili litawatikisa wengine. Basi kama kuna kitu katika simu yako ambacho mwenzako hapaswi kukiona, dawa yake si namba ya siri. Dawa yake ni toba.

Nne, yule anayepiga picha siku zote, mnyang'anyeni simu kidogo, mmpige na yeye. Katika kila nyumba yuko mtu mmoja asiyeonekana katika picha yoyote, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwatazama wengine wote. Mara nyingi ndiye aliyewapenda zaidi.

Hapa Mambrui yako magofu ya kale, na miongoni mwake kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya kauri vya China. Waliojenga hawakujua kwamba sisi tutapita hapo na watoto wetu. Lakini walijua kwamba watu hupita, na kwamba wanaopita huuliza. Jirani zetu Waislamu na sisi Wakristo twapita mahali pale pamoja, na watoto wetu wote wanauliza swali moja.

Namalizia. Nyanya yangu hana picha, na wengi wa wazee wenu hawana. Msidhani wamepotea. Nabii Isaya, katika sura ya 49, asema kwamba Mungu amewachora watu wake katika viganja vya mikono yake. Mungu hana haja ya filamu wala ya simu ili aukumbuke uso wa bibi kizee aliyelima mihogo nyuma ya Mambrui. Sisi ndio wenye haja, kwa sababu sisi ndio wasahaulifu. Mawe yale kumi na mawili hayakuwekwa ili Mungu akumbuke. Yaliwekwa ili sisi tukumbuke, na watoto wakiuliza, tuwe na jibu.

Picha ya kijana yule mwenye kitana mfukoni sasa imetundikwa ukutani kwa mjane, imechapwa upya, na nyuma yake imeandikwa jina, mahali, na mwaka 1985. Nilikwenda kuitazama juma lililopita. Mjukuu mdogo kuliko wote akanishika kanzu, akanionyesha kwa kidole, akaniambia jina la babu yake, jina lote, bila kukosea.

Tuombe. Ee Baba, utusamehe kwa wale tuliokuwa nao mbele ya macho yetu tusiwatazame. Utufundishe kuchagua, kutunza, na kukumbuka. Uwafariji waliobaki na simu zisizofunguka na nyumba zisizo na picha. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.